Malalamiko Kuhusu Gari Langu Kuponywa Bila Ridhaa Yangu

Mlandege, Iringa

Kwa Fundi Sabina,
Gereji ya nyuma ya soko.

Ndugu Fundi,

YAH: KURUDISHIWA MPIRA WANGU ULIOPASUKA

Kichwa cha habari kinajieleza, lakini mimi nina uchungu, kwa hiyo nitaongeza maneno.

1. Taa ya injini iliwaka kwenye gari langu tangu mwanangu Bertha hajaota jino. Ilikuwa taa ya heshima. Kila mke wangu Yusta aliposema twende Rujewa, mama yake amwone mjukuu aliyepewa jina lake, nilinyoosha kidole tu: "Taa hiyo, mama Bertha. Unataka tukwame Makambako na mtoto?" Akanyamaza. Fundi, wewe ni mke wa mtu. Unajua ukimya wa namna hiyo haupatikani dukani.

2. Mama mkwe wangu ni mtu mwema, ila hunisemesha Kisangu mbele ya majirani. Mimi Mhehe najibu ninavyoweza, na watu hucheka mpaka wanashikilia ukuta. Mara ya mwisho niliulizwa habari za safari, nikajibu kwamba nimeolewa.

3. Safari ya kwanza ulibadilisha kifuniko cha tanki, taa ikazimika, nami sikulala. Baada ya siku chache ikawaka tena. Nilifurahi mno, nikamnunulia Yusta kitenge. Fundi mwenye huruma angeishia hapo.

4. Hata ile harufu ya petroli ilikuwa na kazi yake. Mzee Ezekia wa kwaya, anayepanda gari langu kama la urithi, alishuka siku moja akipiga chafya na kusema, "Filemoni, utatulipua." Tangu hapo anatembea, na afya yake imeimarika.

5. Sasa kosa lako kubwa. Nikiwa shambani, Yusta alikuletea gari mwenyewe. Ukachomeka mashine yako, ikasema mvuke wa mafuta unavuja. Hukutosheka. Ukapuliza moshi kwenye mipira ya kupitishia mvuke, ukaingia uvunguni na tochi, mpaka ukaona moshi unachungulia juu ya tanki, penye mpira uliopasuka. Yusta ananisimulia kila siku. Anasema alikuuliza, "Kumbe ni kampira haka tu?" ukamjibu, "Haka haka, dada. Mvuke unatakiwa uende ukaungulie kwenye injini. Hapa ulikuwa unatoroka."

Nauliza kwa unyenyekevu: nani alikutuma kumkamata mtoro? Mvuke wa watu unatoroka kwa sababu zake.

6. Leo taa imezimika, harufu hakuna, na Rujewa wameshapigiwa simu. Yusta anakaanga maandazi ya safari huku anaimba. Kwa hiyo naomba mpira wangu wa zamani urudishwe mahali pake kabla ya Jumamosi. Kama umeutupa, nipatie mwingine wowote, mradi una tundu.

Nisalimie mafundi wenzako, mumeo, na yule mama wa mihogo hapo getini.

Ni mimi, mwenye gari zima na moyo mbovu,
Filemoni

N.B. Barua hii ilibaki mfukoni, nikaenda nayo Rujewa. Mama mkwe alitusubiri barabarani, amejifunga kitenge kipya. Nilikuwa nimeshaandaa Kisangu changu, lakini hakuniuliza kitu. Alimchukua mtoto, akamtazama muda mrefu, mtoto akamshika pua. Ndipo aliposema, kwa Kiswahili kabisa, taratibu: "Naitwa Bertha tangu nizaliwe. Leo ndiyo nimejiona."

Nikaenda nyuma ya gari nikajifanya nakagua tairi. Majirani walinikuta huko, wakanisalimia kwa Kisangu, nikajibu vibaya, wakacheka, nami nikacheka.

Fundi, mpira wako mpya usiuguse. Nakuomba tu uangalie breki, maana bibi amesema Jumapili ijayo anataka kuja Iringa, na nimeahidi kumfuata mwenyewe.