Divai ya Msimu wa Mvua

Alhamisi, 12 Novemba 2015. Beechmont, Louisville.

Nimeamua. Namuoa Fides! Yeye bado hajajua, lakini hilo ni jambo dogo. Kikwazo ni baba yake, mzee Gaudiosi, aliyemwita kwake Buffalo mwaka jana na kuiacha kwaya yetu bila sauti ya kwanza. Leo nimechunguza kwa simu huku na huku, nikagundua pa kumpatia: ujanani, Bujumbura, alikuwa mpishi wa mapadre Wafaransa, na hadi leo akisikia habari za divai ya Kifaransa machozi yanamlengalenga.

Nikampigia palepale. Nikamwambia, mzee wangu, mimi Ferdinandi ni mtaalamu wa divai za Ufaransa, mkoa kwa mkoa. Mzee akanialika palepale sikukuu ya bata mzinga, ile ya Wamarekani ya kushukuru. Nije na chupa, nimweleze moja moja.

Sijawahi kunywa divai yoyote isipokuwa ya misa. Na hiyo nayo hunywa padre.

Jumamosi, 14 Novemba.

Nimekwenda duka la pombe barabara ya Preston. Wana karatasi ya bure ya kuelekeza wateja. Bordeaux nyekundu ni ya majira ya baridi, na nyama. Provence, yenye rangi ya waridi, ni ya kiangazi. Alsace nyeupe ni ya wakati maua yanachipua. Champagne ni ya sherehe. Kumbe kila mkoa na wakati wake!

Lakini misimu minne? Mimi nimekulia kambi ya wakimbizi ya Kasulu. Kuna masika na kiangazi, basi. Na mzee Gaudiosi mwili uko Buffalo, moyo uko Burundi, na Burundi mwezi huu mvua inamwagika. Nikamuuliza muuzaji divai ya msimu wa mvua ni ipi. Akamwita meneja. Meneja akasema hajawahi kuulizwa. Wataalamu gani hawa, jamani! Nikajiamulia mwenyewe: Alsace. Chupa yake ndefu, nyembamba, kama mwavuli uliokunjwa. Wafaransa walijua walichokuwa wanafanya.

Nikachukua na Provence. Wazee wetu hapa huwasha hita mpaka ukuta unatoa jasho. Humo ndani ni kiangazi. Bordeaux na Champagne nimechukua za kujaribia.

Jumapili, 15 Novemba.

Majaribio, pamoja na jirani yangu mama Leya. Kizibo cha Champagne kiliruka kikapiga king'ora cha moshi. Jengo zima nje kwenye baridi, watu na malapa. Nimezomewa kwa lugha ambazo sizijui.

Bordeaux, mama Leya kasema ni dawa ya minyoo. Akatia Fanta. Akaonja. Akaomba nyingine. Karatasi ya dukani haisemi lolote kuhusu Fanta. Nimewazidi!

Alhamisi, 19 Novemba.

Dukani kuna shamrashamra. Leo ndiyo siku ya divai mpya ya Beaujolais, imevunwa mwaka huuhuu. Watu wanaigombea. Mimi nimeinunua kwa wasiwasi. Utampaje mzee wa miaka sabini kitu cha juzi? Ni dharau. Nimeiweka juu ya tundu la hita izeeke kidogo.

Nimempigia Fides pia. Kaniita kaka Ferdinandi. Kaka! Ndivyo msichana mwenye adabu anavyoficha mapenzi. Kasema amefurahi kwamba nitakuwepo, maana kwake ni siku kubwa sana. Siku kubwa! Kwa hiyo amenusa kitu. Leo silali kwa furaha.

Jumatano, 25 Novemba. Columbus, Ohio.

Aibu! Mabasi hayaruhusu pombe. Hilo nililijua, ndiyo maana nilizifunga chupa kwa kitenge cha mama Leya na kuzipakata kama mtoto mchanga. Louisville nilipita vizuri, hata nikapishwa kiti. Hapa Columbus nikabadili basi, na dereva ni bibi mwenye wajukuu. Akataka kumwona mtoto. Nikasema amelala. Akauliza ana umri gani. Nikachanganyikiwa, nikajibu kwa lebo ya Alsace: ni wa mwaka 2012. Akafunua kitenge.

Nimeshushwa, mimi na mwanangu.

Mji huu namjua mtu mmoja, na ndiye nisiyetaka kumwona: Jules. Mkongomani wa Bukavu, tulikuwa naye kwaya kabla hajahamia huku kufanya kazi. Ana Kifaransa cha kweli na gari la viti saba. Enzi zile alimzoea Fides kupita kiasi. Nikameza aibu, nikampigia. Akasema bon, vema, ni bahati, kesho yeye na baba zake wadogo wawili wanapanda Buffalo, donc, kwa hiyo, nilale kwake, twende wote. Nikauliza wanafuata nini huko. Eti kusalimia watu. Maskini, hajui atambeba nani!

Alhamisi, 26 Novemba. Garini.

Naandika kwa kutikisika. Mzee Nshombo, baba mdogo wa Jules, analalamika tangu asubuhi. Walipanga kununua bia njiani na kila duka limefungwa kwa sikukuu. Anasema hawawezi kuingia nyumba ya watu mikono mitupu, ni haya. Nacheka chinichini. Mimi nimepakata zangu.

Jules hajaniuliza hata mara moja mzee Gaudiosi anakaa mtaa gani. Anaijua njia. Kijana mwema, lazima nikubali.

Ijumaa, 27 Novemba. Riverside, Buffalo.

Niandike nini. Niandike tu.

Sebule ilijaa, hita iko juu kabisa. Kiangazi, kama nilivyotabiri. Tuliokuja na gari tukakalishwa upande mmoja. Mzee Nshombo akasimama, akasema tumetoka mbali, tumeona ua zuri katika nyumba hii, na hatukuja mikono mitupu. Akazionyesha chupa zangu. Moyo wangu ukayeyuka. Mtu baki ananisemea, kwa kuwa mimi sina mzee hapa!

Nikadakia. Nikaeleza zote, mkoa kwa mkoa. Alsace ya mvua ya kwetu, Provence ya hita, Beaujolais niliyoizeesha kwa mkono wangu. Mzee Gaudiosi akafuta machozi. Akaagiza chungu kiletwe, na mirija, maana kinywaji cha kuomba mke hakinywewi kila mtu na glasi yake. Ufaransa yote ikamiminwa humo. Nikashauri Fanta. Ikatiwa.

Kisha akaitwa Fides. Baba yake akamuuliza kama anawajua wageni hawa, na kama kinywaji chao kinywewe au kirudishwe kilikotoka. Fides akaliangalia kochi letu. Nasema letu, kwa sababu mimi na Jules tulibanana hapohapo. Akasema kinywewe.

Vigelegele! Nikasimama, nikafungua mikono. Mzee Gaudiosi akanipita, akamkumbatia Jules.

Nikadhani ni macho ya uzee.

Mzee Nshombo ndiye aliyenivuta jikoni na kunieleza taratibu. Anayeoa hafungui kinywa, wazee wake ndio husema. Mimi nilikuja bila mzee hata mmoja, nimeshuka kwenye gari la waposaji, nimebeba kinywaji, nakieleza. Kila mtu aliona wazi mimi ni nani: mbeba vinywaji wa Jules. Akanishukuru, eti nimewaokoa na aibu.

Nilijifungia bafuni nikalia. Nampenda Fides. Naandika hapa kwa sababu yeye sikuwahi kumwambia.

Nilipotoka chungu kilikuwa kikavu.

Jumapili, 29 Novemba. Beechmont.

Mzee Gaudiosi amepiga simu. Tangu Bujumbura hajanywa kitu kama kile. Harusi ni Juni, na mambo ya vinywaji ameyaweka yote mikononi mwangu, hataki mtu mwingine ayaguse.

Nimekubali! Watu watasema nimeshindwa. Thubutu! Juni ni kiangazi hapa na ni kiangazi kwetu, hakuna ubishi, Provence tupu. Nitasimama mbele ya ukumbi mzima nikieleza, Fides ataonja, ataelewa alichokuwa anakipoteza, na yote yatageuka palepale.

Tatizo ni moja tu, jinsi ya kuzifikisha chupa Buffalo. Nimempigia Jules. Kasema bon, atanipitia.