Kompyuta Sita na Barua Isiyofutika

Jumatatu, 4 Machi
Kipindi changu cha majaribio kinamalizika Ijumaa. Siku hiyo Mkuu wa Maktaba ataamua ama nithibitishwe kazini, ama nirudi nyumbani na shahada yangu. Nyumbani maana yake sebule ya dada yangu, ambako shemeji huniuliza kila asubuhi kama kochi limekwisha kunizoea. Sina wasiwasi. Nimesoma vitabu vitatu vya usalama wa kompyuta, kimoja mara mbili, ili kukikosoa.

Hali ya kompyuta zetu sita za wasomaji ni ya kusikitisha. Watu huacha barua pepe zao wazi. Leo, katika kompyuta namba nne, nimekuta maombi ya kazi ya mtu, picha za harusi ya mwingine, na virusi visivyo na mwenyewe. Kinga pekee ni karani wa mapokezi, ambaye wote twamwita Mama Rejista. Huandika jina la kila anayeingia, na mtu akiinuka tu, humpigia ukelele: amefunga akaunti yake? Basi arudi akafunge, mwanangu! Nikamweleza kwamba huo si mfumo, ni kelele. Akajibu kwamba kelele zake zina miaka kumi na tisa na hazijawahi kuzimika umeme ukikatika. Hoja dhaifu.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata dawa! Ipo programu ya kugandisha kompyuta. Mtumiaji afanye atakavyo. Ikizimwa na kuwashwa, hurudi vilevile ilivyokuwa ilipogandishwa. Alichoongeza hufutika, alichofuta hurejea. Mkuu ameridhia. Aliuliza tu kama tutaweza kurudi nyuma mambo yakiharibika. Nikamtaka kwanza afafanue neno «kuharibika». Akaenda zake.

Nimeandaa namba moja kutwa nzima. Programu ilipokuwa ikijipakia, nikautumia muda huo kuandika humo humo barua kwa Bodi ya Maktaba, nikipendekeza, kwa heshima zote, kwamba Mkuu apumzishwe na kiti chake akabidhiwe kijana mwenye upeo. Kurasa mbili. Jina sikutaja, nilieleza tu sifa za kijana huyo, pamoja na urefu wake. Nitaituma nikishathibitishwa.

Kisha nikagandisha, nikanakili hali hiyo katika zile tano. Nenosiri la kugandulia lina herufi thelathini na moja. Mama Rejista akanishauri niliandike daftarini mwake. Daftarini! Nimelihifadhi kwenye faili, ndani ya namba moja, nikazima, nikaondoka nikipiga mluzi.

Jumatano, 6 Machi
Nimewasha namba moja. Barua yangu kwa Bodi iko katikati ya skrini. Nimewasha namba mbili. Ipo. Zote sita!

Nikaifuta. Nikazima, nikawasha. Imerudi. Nikakimbilia faili la nenosiri nigandue. Halipo. Nililihifadhi baada ya kugandisha, kwa hiyo programu imelifuta, kama nilivyoiagiza. Haki isemwe: inafanya kazi vizuri ajabu.

Kutwa nimekuwa nikifuta kwa mkono, mashine moja baada ya nyingine, na kila izimwapo naanza upya. Mwalimu mmoja mstaafu alinitangulia kwenye namba tatu. Akaisoma yote, akavua miwani, akasema huyu kijana amejisifu mara kumi na nne. Nikambishia kwa nusu saa. Ni mara kumi na mbili. Akaniuliza nimejuaje. Nikakumbuka nina kazi stoo.

Alhamisi, 7 Machi
Mbinu mpya: nimezima zote na kubandika tangazo la ukarabati. Kufikia saa nne foleni ilikuwa imefika mlangoni. Fundi cherehani mmoja alisema kwa sauti kwamba hata cherehani zake mbovu hupumzika kwa zamu.

Mkuu akaja. Nikamfahamisha kwamba usalama umefikia kilele chake, kwa kuwa hakuna awezaye kushambulia kompyuta iliyozimwa. Akatafakari. Kisha akawasha namba tano kwa mkono wake mwenyewe.

Alisoma kurasa zote mbili akiwa amesimama. Akaniomba niifute. Nikaifuta. Akazima, akawasha. Ikarudi. Akauliza kama haya ndiyo yale ya kurudi nyuma aliyoniuliza Jumanne. Sikuona busara ya kufafanua. Akasema tuonane kesho.

Ijumaa, 8 Machi
Mkuu hakupandisha sauti. Alisema kijana mrefu mwenye upeo anahitaji muda wa kujifunza kuona vya karibu. Hivyo sijathibitishwa, naongezewa miezi mitatu ya majaribio, katika chumba cha magazeti, mbali na chochote chenye waya.

Fundi wa kompyuta aliyeitwa na Mama Rejista alifuta kila kitu na kuzipanga upya kompyuta zote kabla ya adhuhuri. Mama Rejista akaniletea chai, akasema: mwanangu, barua ya namna ile haiandikwi kwenye mashine ya watu. Nikamwomba anitajie chanzo cha kanuni hiyo. Akacheka hadi akashika meza. Chai nilikunywa.

Shemeji aliuliza kama anipongeze au atandike kochi. Nikamjibu kwamba taasisi imeshindwa kuachana nami. Akatandika kochi.

Jumamosi, 9 Machi
Nimekwenda mapema kukikagua chumba cha magazeti. Hatari tupu! Kabati la magazeti ya zamani halina hata komeo. Yeyote hufungua, husoma, hurudisha, eti kwa kuaminiana.

Nimenunua kufuli la chuma, lile linalojifunga lenyewe ukilibana. Nimelibana. Limeshika barabara, nimelivuta kwa mikono miwili, halikutikisika. Na ufunguo nimeuweka ndani ya kabati, ambako hakuna mwizi atakayeufikia.