Mama wa Daktari Haumwi

Jumatatu, 5 Julai 1954

Baridi. Ukungu mpaka mlangoni. Habari kubwa! Mwanangu Aminieli, daktari (naandika tena: daktari), amepanda kutoka Same na kusema kuna Kamati ya Utafiti inayotafuta daktari kijana mmoja wa kulipiwa miaka miwili. Si kutibu tu, kuchunguza. Kuchunguza nini? Maumivu! Watu wanaumwaje, na yatulizwe vipi. Nilimwuliza kama kweli kuna mtu wa kulipia jambo hilo. Akasema wapo, ila akikosa mwaka huu atapelekwa Lindi kuchanja watu ndui. Lindi! Nitamwona lini?

Mwombaji mwingine ni Reginald wa Hedwiga. Hedwiga jirani yangu, Mkatoliki, shingo imerefuka tangu mwanawe avae miwani.

Nimepika makande, mahindi na maharage. Sikula. Sina hamu tu. Jino la nyuma lisisingiziwe.

Jumatano, 7 Julai

Nimeiandikia Kamati barua mwenyewe. Darasa langu la nne halikupotea bure. Nimeeleza kwamba Aminieli alitembea akiwa na miezi tisa, na kwamba akiwa na miaka minne alilia jogoo alipochinjwa, kwa hiyo maumivu anayajua tangu utotoni. (Nyama alikula. Hilo sikuandika.) Nimeongeza kwamba Reginald ni kijana mzuri ila huzimia akiona damu. Alizimia mara moja, kanisani, kwa njaa. Karibu sawa.

Aminieli hajui kuhusu barua. Watoto hawaelewi mambo haya.

Kisimani Hedwiga akaniuliza, kwa sauti ya kusikiwa na wote, mwanangu atachunguza maumivu ya nani, maana huku milimani nani anaumwa? Wanawake wakacheka. Nilifungua mdomo nimjibu, upepo ukanipiga jinoni. Machoni, yaani. Nikajitwika mtungi nikaondoka.

Ijumaa, 9 Julai

Mjumbe wa Kamati anakuja! Daktari mwanamke, Mzungu, kutoka Dar es Salaam. Jumatano ijayo, siku ambayo Aminieli hutibu watu kwenye darasa la kanisa letu. Atakaa atazame. Aminieli ametulia kama anayesubiri chai. Mimi siwezi. Maneno ya Hedwiga yananizunguka kichwani. Mgeni asipoona hata mtu mmoja anayeumwa, itakuwaje?

Wagonjwa wapo. Sefania, mzee wetu wa kanisa, ana goti kama boga. Ernesta ana mgongo. Wengine wanne nawajua. Tatizo hawasemi! Mtu wa kwetu, Mpare, anaumwa kimya, na akimwona mgeni ndiyo kwanza anajinyoosha.

Nimepata njia. Nitawafundisha kugumia kwa maumivu.

Jumapili, 11 Julai

Baada ya ibada nimewakusanya wote sita nyuma ya kanisa. Mazoezi. Ernesta akagumia kama anayesinzia. Mzee Sefania akakataa. Akasema alitahiriwa bila kupepesa jicho, leo ana miaka sitini na minane, nami nataka apige kelele mbele ya mwanamke wa Kizungu? Nikamwambia ni kwa ajili ya Aminieli. Nikamwahidi jogoo. Akasema atafikiri. Jogoo wangu mwekundu!

Wakataka niwaonyeshe mfano. Nikagumia. Wakasema nimeweza mno, kama kweli vile. Basi nina kipaji.

Nimejifunga kanga shavuni. Ni hii baridi.

Jumatano, 14 Julai

Aibu! Mgeni akashuka garini, mwembamba, Kiswahili safi. Mzee Sefania akamkimbilia akambebea sanduku. Sanduku! Kwa goti lile! Darasani mgeni akamwuliza kila mmoja anaumwa wapi. Ernesta akasema hajambo, anamshukuru Mungu. Wa pili hajambo. Wa tatu akamwuliza mgeni habari za safari. Sita wote wazima, migongo imenyooka. Dirishani nikaiona shingo ya Hedwiga. Nikawakonyeza. Nikakohoa. Nikamkanyaga Ernesta mguu, na hata hapo hakugumia.

Nikaiona Lindi.

Aminieli akasimama taratibu. Hakuuliza maumivu hata kidogo. Akampa Mzee Sefania shikamoo, akamwuliza shamba la juu kapanda nini mwaka huu. Mzee akatazama chini. Akasema hajalifikia shamba la juu tangu Pasaka. Ernesta akaulizwa nani anamchotea maji siku hizi. Akasema binti wa jirani. Mgeni akaanza kuandika mbio. Aminieli akamweleza kwamba hii ndiyo kazi anayoiomba: huku ukimwuliza mtu anaumwa wapi utapewa salamu, ukimwuliza ameacha kazi gani utauona ugonjwa.

Mgeni akaomba mfano mmoja zaidi. Akanigeukia mimi, pale mlangoni na kanga yangu! Akaniuliza hali. Nikasema sijambo kabisa.

"Mama," Aminieli akasema, "makande umekula lini mara ya mwisho?"

Mpare asiyekula makande! Nilitaka kudanganya, ila Mzee Sefania alikuwa ananitazama.

"Mwezi wa tano," nikasema. Chozi likanitoka. La baridi.

Mgeni akaandika ukurasa mzima. Kisha akatoa karatasi mkobani, akasema alikuwa na hamu kubwa ya kumwona mama aliyeiandika. Barua yangu! Aminieli akaisoma huku ameshika kichwa.

Alhamisi, 15 Julai

Aminieli ameling'oa jino. Sikugumia. Hedwiga ni shahidi, alikuja kunishika kichwa bila kuitwa. Akaniletea uji. Sukari haikutosha.

Aminieli amenitaka niahidi kwamba nikiumwa tena popote nitasema siku hiyohiyo. Nimeahidi, mkono juu ya Biblia.

Ijumaa, 6 Agosti

Amepata! Miaka miwili! Anabaki Same! Reginald ndiye anayekwenda Lindi. Nimemhurumia Hedwiga nusu siku nzima, nikampelekea ndizi.

Nimewaeleza watu kanisani kwamba mpango wote ulikuwa wangu, kwamba ni mimi niliyewafundisha wale sita kunyamaza vizuri vile. Mzee Sefania akakohoa. Nimempa jogoo.

Kamati itarudi Februari kuona kazi inakwendaje. Mimi nimeshaanza. Nimechagua watu kumi, nawafundisha kusema hawajala makande tangu Krismasi. Aminieli asijue kwanza.

Zile ndizi za Hedwiga nilibeba mkungu mzima. Mgongo umekaza kidogo, si jambo la kumwambia mtu mwenye kazi nyingi. Naandika nimesimama, daftari juu ya pipa. Napenda tu kusimama.