Picha Mia Tatu na Kumi na Tatu za Ziada

Kompyuta ya yule mama ilikuwa inagonga. Ndivyo alivyomweleza mwenye duka la kutoa nakala, tena kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Inagonga ndani, ko, ko, ko, kama mtu aliyefungiwa chooni. Nina picha za miaka thelathini mle. Nani anaweza kuzihamisha kabla haijakata roho?"

Mwenye duka hakujua. Lakini nyuma ya mama, kwenye foleni, alikuwepo mtu aliyejua, au aliyejua kuonekana anajua, jambo ambalo mjini linalipa zaidi. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, kalamu mbili mfukoni, na shingoni alining'iniza kitambulisho chenye picha yake na neno moja tu: INJINIA. Injinia wa nini, hakuna aliyewahi kuuliza. Watu wana haya.

"Shikamoo mama. Samahani, nimesikia bila kukusudia," alisema kwa upole wa mtu aliyekuja kuhani msiba. "Kompyuta ikishafikia kugonga, ina siku tatu. Nne, ikiwa na bahati."

"Marahaba. Wewe unazijua?"

"Ndiyo kazi yangu, mama. Nahamisha data."

Tuseme ukweli hapa, maana yeye hatausema. Injinia alikuwa na visanduku vyeusi vya bati, kila kimoja na taa mbili za kijani zinazopepesa na waya mmoja wa umeme. Alimweleza mteja kwamba hilo ndilo ghala la nyumba: picha na nyaraka zote zinahamia humo, simu za watu wa nyumbani nazo zinaweka humo picha zao zenyewe kupitia mtandao wa nyumbani, na hata kompyuta ikifa, ghala linabaki. Vyombo vya namna hiyo vipo kweli, na vinafanya kazi. Chake kilikuwa na kipande cha ubao ndani, ili kiwe na uzito. Akishalipwa, aliondoka na kompyuta ya zamani, eti akaiteketeze kitaalamu wezi wasije wakafufua siri za watu, na mteja akabaki anatazama taa. Taa zilipepesa vizuri mno. Picha zikikataa kufunguka, Injinia alikuwa na jibu moja: "Bado zinahama. Data ni nzito."

Nyumba sita zilikuwa zimeshauziwa ubao. Daktari wa meno alibembeleza bei mpaka ikashuka nusu, akalala usingizi mzito akiamini yeye ndiye aliyemwibia Injinia.

Siku ya miadi, Injinia akiwa mlangoni kwa yule mama, simu yake ikalia. Mama yake mzazi.

"Injinia wangu! Lile sanduku nimelifunika kitambaa cha kufuma, taa nimeziachia matundu. Kila mgeni nampeleka akaone kazi ya mwanangu. Lakini baba, picha za marehemu mbona hazifunguki? Mwaka huu wa ngapi?"

"Mmoja tu, mama. Bado zinahama."

"Zinatoka wapi, mwezini?"

"Data ni nzito."

"Haya. Na yeye mwenyewe alikuwa mzito. Mungu akuzidishie kazi."

Akakata simu haraka. Ndiyo, wasomaji, msinitazame hivyo: hata mama yake. Katika zile nyumba sita hakumhesabu, na usiku mwingine hilo lilimsumbua. Mji mzima ulimwita Injinia kwa sababu ya kitambulisho. Mama yake peke yake alimwita hivyo na kuamini, na kama kulikuwa na kitu kimoja ambacho Injinia hakuwa tayari kukipoteza, ni sauti ile ikitamka jina lile.

Akabisha hodi.

Mwenye nyumba alikuwa mstaafu. Miaka thelathini na mitano alitunza mafaili ya serikali kwenye masjala, na alipostaafu alihamia nyumbani na masjala yake. Kopo la sukari lilikuwa na namba. Mito ya makochi ilikuwa na namba. Majirani walimwita Bi Masjala, naye alilipenda jina hilo.

Injinia alichomeka kisanduku chake, taa zikapepesa, akakunja mikono kwa fahari. "Karibu kwenye usalama, mama."

"Zima kompyuta," alisema Bi Masjala.

"Naam?"

"Zima kompyuta kabisa. Kisha kutoka kwenye hicho kisanduku chako nifungulie picha ya harusi ya mdogo wangu, niione kwenye televisheni. Kazini kwangu faili halikutoka kabati la zamani mpaka nimelisoma kwenye kabati jipya."

Tangu aanze kazi hii tukufu, hakuna mteja aliyewahi kumwomba picha.

"Mama, leo... leo nimekuja kupima umeme tu. Chombo chenyewe naleta kesho."

"Sawa. Fanya vizuri lakini, maana chama chetu cha wastaafu wa masjala ni watu arobaini. Nikiridhika mimi, wameridhika wote."

Arobaini! Injinia alitoka pale akitembea kwa vidole. Kimoja cha kweli, visanduku arobaini vya ubao: hiyo haikuwa hasara, hiyo ilikuwa mbegu. Jioni hiyohiyo aliuza friji yake na jiko la gesi, akanunua ghala halisi, la dukani, lenye diski mbili na kitabu cha maelekezo kinene.

Asubuhi akarudi nalo, na hapo ndipo alipokumbuka jambo dogo. Katika maisha yake yote ya uinjinia, hakuwahi kufunga hata moja. Akaomba kwenda chooni, kitabu kimefichwa ndani ya shati. Baada ya robo saa akaomba tena. Akaomba na mara ya tatu.

"Tumbo, mama. Unisamehe."

"Pole, mwanangu," alisema Bi Masjala bila kuinua macho kwenye ufumaji wake. "Umebakiza kurasa ngapi?"

Injinia akacheka kicheko cha kikohozi, akakaa chini, akaanza kazi. Ghala lilitaka simu ya mtu wa kuliongoza, akatumia yake. Simu ikaanza kumuuliza maswali. Unakubali masharti? Ndiyo. Unaruhusu lijiunge na mtandao wa nyumba? Ndiyo. Picha za simu hii nazo zihifadhiwe ghalani? Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Mtaalamu hasomi maswali, mtaalamu anabonyeza. Bi Masjala alikuwa anamtazama, na Injinia hakutaka aonekane mtu wa kusitasita.

Picha zikaanza kuhama. Kompyuta ikigonga ko, ko, ko, na asilimia zikipanda kwa madaha: mbili, tatu, tatu, tatu.

"Basi mama, mimi niwahi kwa mteja mwingine, jioni nita..."

"Kaa hapo. Anayehamisha faili halali mbali nalo."

Akakaa siku hiyo, akarudi kesho yake akakaa tena. Alishikishwa uzi wa kufumia, akabadilisha balbu ya jikoni, akabandika namba kwenye makopo ishirini na mawili ya viungo. Asilimia arobaini na moja ilikaa pale saa tatu nzima, na Injinia, mtu aliyekuwa amesema "data ni nzito" maisha yake yote, aligundua kumbe ni nzito kweli. Ilipofika tisini alikuwa ameacha hata kunywa chai. Mia ilipotokea, kompyuta ikazimwa, akabonyeza rimoti, na kwenye televisheni akatokea bibi harusi, amecheka mpaka fizi.

"Imefunguka!" alipiga kelele Injinia. "Mama, imefunguka! Wallahi imefunguka!"

"Si ndiyo kazi yako?" aliuliza Bi Masjala.

"Eh... ndiyo. Ndiyo kazi yangu." Akajikusanya, akarudisha uso wa kazini. "Sasa hii kompyuta naondoka nayo nikaiteketeze. Na wale wastaafu wenzako, tunaweza kuanza hata Jumatatu."

"Bado. Tuhesabu."

Akatoa daftari. Kabla hata hajaenda duka la nakala, alikuwa ameandika idadi ya picha zilizomo kwenye kompyuta: elfu kumi na moja, mia nne na sita. Akasoma idadi iliyomo ghalani. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Elfu kumi na moja, mia saba na kumi na tisa. Zimezidi mia tatu na kumi na tatu."

"Si vizuri hivyo, mama? Umepata na nyongeza!"

"Mwanangu, mimi kazini faili likipungua nilijua mtu amezembea. Likizidi, nilijua mtu ameficha kitu. Lete rimoti."

Injinia alianza kuelewa wakati picha ya kwanza ya ziada inatokea. Ilikuwa yake mwenyewe, inchi hamsini na tano, amesimama na kisanduku kilichofunguliwa, ubao ndani, yeye amenyanyua dole gumba. Alijipiga picha hiyo siku moja akiwa na furaha. Ya pili: daktari wa meno amekumbatia kisanduku. Ya tatu: kinyozi. Ya nne ilikuwa chumba chake cha kupanga, chenye namba tisa mlangoni, na ndani, rundo la kompyuta za zamani alizopiga picha ili azitangaze, lakini hazikupata mnunuzi.

Ya tano alikuwa mshonaji, anatabasamu pembeni ya taa mbili za kijani.

Bi Masjala aliiacha hiyo kwenye kioo muda mrefu. Alipozungumza sauti ilikuwa imeshuka, na Injinia angependa zaidi kama angepiga kelele.

"Huyu ni shoga yangu. Picha za mumewe zote zilikuwa kwenye kompyuta ile. Mwezi wa pili huu analia, na kila siku anafuta vumbi kwenye kisanduku chako kwa sababu ulimwambia vumbi linachelewesha. Huna haya?"

Injinia alifungua mdomo. Mdomo ule uliowahi kumuuzia kinyozi ubao mara mbili ulitoa maneno mawili tu.

"Mama, nakuomba."

"Unaniomba nini? Faili lako ninalo, limekamilika, na picha nimewekewa na mwenyewe. Kituo cha polisi ni mtaa wa pili. Au uniambie unazo njia nyingine."

"Kompyuta zao zote zipo," alisema haraka. "Sijauza hata moja, hazinunuliki! Nitazirudisha."

"Utazirudisha, utatoa ubao, utaweka kitu cha kweli kwa pesa zao ulizochukua, na utahamisha kila picha mpaka ifunguke. Sasa kazi hiyo unaijua, nimekuona ukiifanya. Kila nyumba itanisainia. Siku ya sahihi ya mwisho, picha zako nazifuta mbele yako." Akachukua karatasi, akapiga mistari kwa rula, akaandika nyumba sita, Injinia akizitaja moja moja.

"Na wale wastaafu arobaini?" aliuliza Injinia, maana tamaa nayo haikati roho upesi.

"Tulikuwa arobaini. Tumebaki watatu, na mmoja hataki hata kuona simu."

Ndipo simu ya Injinia ikalia mezani. Kwenye kioo chake ilitokea sura ya mama mmoja aliyekaa karibu na kitu kilichofunikwa kitambaa cha kufuma, mwanga wa kijani ukichungulia kwenye matundu mawili. Bi Masjala aliitazama, akamtazama na Injinia, akaelewa yote kabla hajaambiwa.

"Mama yako?"

"Nakuomba, mama yangu. Yeye usimwambie. Nipeleke kituoni, lakini yeye usimwambie."

"Pokea. Weka sauti kubwa."

"Injinia wangu!" sauti ilijaa sebule. "Uko wapi, mbona kimya siku mbili?"

Bi Masjala akainama kwenye simu.

"Mwanao yuko kwangu, dada. Yuko kazini."

"Jamani! Na anaifanya vizuri?"

Injinia alifumba macho.

"Nimehesabu mwenyewe," alisema Bi Masjala. "Picha elfu kumi na moja, mia nne na sita. Haikupotea hata moja."

"Si nawaambia watu hapa! Basi dada, nisaidie kumkumbusha. Na mimi picha za mume wangu bado hazijafika. Sina haraka, ila macho nayo yanazeeka."

Bi Masjala alikata simu, akavuta karatasi yake. Injinia alisubiri aandike nyumba ya saba. Badala yake alipanda juu kabisa, juu ya daktari wa meno, na kwa mwandiko wa masjala akaandika: mama mzazi.

"Unaanzia hapa. Leo. Saini."

Injinia alisaini kwa jina lake halisi, ambalo mkono ulikuwa umeshalisahau kidogo. Kisha akaenda chumba namba tisa kuchukua kompyuta ya mama yake. Ilimbidi ashushe nyingine zote moja moja, kwa sababu ilikuwa chini kabisa ya rundo. Hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza kuibiwa.