Mtutu Mzito wa Matanga Yangu

Jumapili, 3 Mei 2009

Daktari anasema moyo wangu hautafika Krismasi. Binti yangu Madeleine alilia kwenye treni hadi nyumbani Fisksätra, huku ugenini. Mimi nilikuwa nawaza matanga. Nani ataleta nyama? Zephania, bila shaka! Kila msimu wa kuwinda anaangusha älg, yule mnyama wa msituni anayempita ng'ombe kwa ukubwa, na kanisa zima kule Tumba linakula na kumsifu. Tuko kikundi kimoja cha wawindaji. Mimi sijaangusha hata mmoja. Atasimama kando ya jeneza langu akigawa minofu. Haiwezekani. Oktoba nitaangusha wangu, awekwe kwenye friza, waombolezaji wale nyama ya marehemu mwenyewe.

Jumatano, 6 Mei

Vällingby, kwa Gregory, fundi bunduki. Bunduki yangu ya zamani inatetemeka. (Madeleine anasema ni mikono.) Nataka mpya, iundwe kipande kwa kipande. Komeo la chuma la kufungia risasi. Kifyatuo laini, cha kidole kisicho na nguvu. Darubini kubwa kama chupa ya chai. Kwenye mtutu tukabishana. Gregory alishauri mwembamba, maana msituni bunduki hubebwa. Nikamkumbusha kwamba nilifundisha fizikia Bukavu: kitu kizito hakitetemeki ovyo. Nikasema nitafikiri.

Jumapili, 10 Mei

Niliomba kanisa liniombee juu ya uamuzi mgumu. Walidhani ni upasuaji. Ulikuwa mtutu. Mama mmoja ameanza kufunga. Mungu anisamehe. Nimechukua mnene kuliko yote.

Alhamisi, 20 Agosti

Bunduki imefika, kibali kipo. Nzuri mno! Gregory ndiye aliyeiweka kabatini. Daktari aliuliza kama nina silaha nyumbani. Akiona mgonjwa hafai kushika silaha, huwaarifu polisi. Nilimjibu nina mkongojo. Naungama hapa, kwa kuwa pale sikuungama.

Jumatatu, 12 Oktoba

Msimu umefunguliwa. Kwa amri ya Madeleine, Zephania alikaa nami msituni. Alinibebea bunduki akihema, akauliza kama ni bunduki au nguzo ya umeme.

Älg akatokea. Akasimama kunipa ubavu, ametulia kama anapigwa picha. Fizikia ilikuwa sahihi: bunduki haikutetemeka. Haikutetemeka kwa sababu haikuinuka. Nilivuta, nikasukuma, nikamwita Yesu. Mwisho nikajikuta nimekaa kwenye majani yenye maji, bunduki mapajani. Zephania akaichukua taratibu, akafyatua mara moja. Älg akalala. Kisha Zephania akanibeba na mimi.

Ijumaa, 16 Oktoba

Hospitali. Mirija puani. Zephania kaleta nyama kwenye bakuli. Akaniinamia.

"Mwalimu, bunduki ni yako, nyama ni yako. Iko kwenye friza kwa jina lako. Siku ile ikifika, nitawaambia watu ni wewe uliyemwangusha."

Madeleine akalia tena, akamwita Zephania "baba mdogo", kama ndugu yangu wa damu. Mimi nikageukia ukuta. Atawaambia! Yaani atasimama mbele ya jeneza, aseme uongo ambao hakuna atakayeuamini, watu wafute machozi na kusifu upole wake! Nyama ilikuwa laini sana. Nikamwambia ni ngumu.

Alipoondoka nilimpigia simu Gregory. Nataka nyingine: mtutu mwembamba kuliko yote, kitako chepesi kama mkate. Akasema haitakuwa tayari kabla ya Oktoba ijayo.

Nikamwambia sina haraka.