Namna nilisimamisha barabara ya Muheto na drapo ya bato ya vita

Leo haya imenikamata mbele ya Muheto nzima. Na mbele ya ng'ombe.

Nyinyi munanijua. Mimi njo ule muntu wa Kirolirwe mwenye kukusanya drapo za bato za vita, bendera zile za meli. Niko nazo tatu, zote za kuiga, fundi wa soko alinishoneaka. (Ndiyo, mimi muntu wa milima. Ndiyo, nilipandaka bato mara moja tu, Goma-Bukavu, nikatapika njia yote. Mucheke muishe.) Masomo niliachia katikati, lakini muniulize bato gani ilibebaka drapo gani, nitawatajia mpaka mulale.

Basi leo nimeenda kuona ya kweli, kwa Mama Sifa, mujane wa Muheto. Babu ya bwana yake alikuwaka mubebaji mu vita ya Wabelgiji na Wajerumani. Alibebaka nini? Bato! Bato ya chuma! Waliifungua vipande vipande, bantu wakaweka ku kichwa, wakapanda milima, wakashuka, mpaka ku ziwa Kivu. Kule wakaifunga tena, wakaisukuma mu maji, ikaenda kupigana. Mimi nikibeba bido moja ya maziwa napumzika mara ine.

Vita ilipoisha, ule babu akarudi na drapo ya bato. Sasa iko mu sanduku ya Mama Sifa, na panya zimeanza kuitafuna. Mama anatafuta muntu wa kuitunza.

"Kaka, kwanza uiangalie," ameniambia. "Nikiona unaiheshimu, utaenda nayo."

Akafungua sanduku. Weee! Buluu iliyochoka, nyota moja ya manjano katikati, harufu ya moshi na ya mafuta ya mashine. Machozi ikanitoka.

"Mama, hii kitambaa ilisikiaka mizinga."

"Ilisikiaka. Usiipanguzie makamasi."

Nikamuomba niifunge ku muti kidogo tu, nione gisi ilikuwa inapepea mu ziwa. Akakubali, akaingia jikoni kuangalia sombe yake, majani ya muhogo, ku moto. Nikasimika muti ku lupango, kiwanja ya nyumba yake, karibu na barabara. Muti ilikuwa inainama, lakini upepo ya mulima ikakuja, drapo ikafunguka. Mungu wangu! Kama nilikuwa naona maji!

Sasa, munajua desturi ya kwetu. Drapo ikipanda, kila muntu anasimama wima. Hakuna kutembea, hakuna kusema, mpaka firimbi ilie. Na kutoka mbali, ile buluu na ile nyota inafanana na drapo ya inchi.

Mama moja mwenye kitunga ya maharagi akasimama. Muntu wa pikipiki akazima mashine. Mwalimu moja muzee akatoa kofia. Muchungaji wa ng'ombe naye, fimbo ku mbavu, wima kama musumari. Barabara nzima kimya.

Nikasimama na mimi. Mugongo ku drapo, macho ku barabara, mukono ku kifua. Nikawaza wale wababu na vyuma ku kichwa. Nikaona macho ya bantu inafunguka, inaendelea kufunguka. Mama wa maharagi akafungua na kinywa. Mwalimu akaanza kukunja sura. Nikasema mu roho: na yeye, machozi inamushinda.

Mwalimu akasema bila kutikisa midomo: "Kaka... nyuma."

Nikamujibu polepole: "Papa, heshima kwanza."

"Kaka, NYUMA!"

Nikageuka. Ng'ombe! Nusu ya drapo iko mu kinywa yake, anatafuna na macho imefungwa, kama muntu anakula sombe ya Noeli. Bote walikuwa wanamuona tangu mwanzo! Muchungaji wake pia!

Nikavuta. Ng'ombe akavuta.

"Munisaidie!"

"Firimbi kwanza!" muntu wa pikipiki akajibu, wima vile vile.

Nikajaribu kupiga firimbi na midomo. Kinywa kikavu. Pfff. Ikatoka pumzi tu. Nikavuta tena na nguvu zote, praaa! Kitambaa ikapasuka, nikaikala mu mavi ya ng'ombe mpaka ku kiuno. Pale bote wakasahau firimbi. Mwalimu akacheka mpaka akashikilia kitunga ya mama.

Mama Sifa akatoka jikoni. Akaangalia drapo, akaangalia ng'ombe, akaniangalia mimi.

"Mama, nilikuwa naiheshimu," nikasema.

"Nimeona. Umeiheshimu mpaka ikaliwa."

Akakunja nusu ile ilibakia, akairudisha mu sanduku, akafunga kufuli. Kisha akaingiza mukono mu kinywa ya ng'ombe (yeye mwenyewe, bila woga!), akavuta kipande ingine, imelowana na mate, ukubwa ya leso. Akaniwekea mu mukono.

"Hii njo yako. Ukiitunza vizuri, utarudi kuniomba ingine."

Niko mu nyumba sasa, naikausha. Nimeinusa. Chini ya harufu ya majani, moshi ingali pale. Kipande ya bato ile ilivuka milima ku vichwa ya bantu, mu nyumba yangu!

Basi musicheke sana. Fundisho ya leo: heshimu drapo, lakini geuzaka shingo.