Malalamiko Dhidi ya Binti Asiye na Makali

Kwa Afisa Uajiri,
Ofisi ya Mawakili wa Biashara,
Ghorofa ile ambayo lifti haifiki.

Ndugu Afisa Uajiri,

YAH: BINTI YANGU, MNAYESEMA HANA MAKALI

Kwa masikitiko makubwa, na kwa kuzingatia uzito wa jambo lenyewe, natangaza kwamba kigoda changu kimehamishwa. Kilikuwa dirishani, mahali ambapo fundi makochi wa umri wangu huona barabara yote bila kugeuza shingo. Sasa kiko nyuma ya mlango, jirani na gunia la mabaki ya sponji, na kila anayeingia hunigonga goti kwa kitasa, kisha huniomba radhi akidhani mimi ni mteja mwenzake. Hakuna gazeti lililoandika habari hii, basi nimeona niiandike mwenyewe.

Huenda unajiuliza kigoda cha fundi kinaihusu vipi ofisi yenye mazulia kama yenu. Kinaihusu sana. Aliyekihamisha ni binti yangu, yule aliyeomba kwenu nafasi ya mafunzo ya uwakili, mkamwita kwenye usaili, kisha mkamwandikia kwamba mmevutiwa naye mno na kwa hiyo hamtamchukua. Mkaongeza sentensi moja, bila shaka kwa wema, kwamba katika zoezi la majadiliano aliulegezea upande wa pili, na kazi yenu inahitaji mtu mwenye makali.

Sentensi hiyo niliisomea nyuma ya mlango. Ndugu Afisa, mimi ndiye upande wa pili wa kwanza aliokutana nao maishani mwake, na nathibitisha kwamba hakunilegezea hata uzi. Nayaorodhesha malalamiko yangu dhidi yake hapa chini, na nakuomba uyapokee kama sababu za kumwajiri.

1. Fomu yenu. Mliuliza kwa nini anataka sheria ya biashara, na kwa nini kwenu. Familia nzima ilikaa kumsaidia. Mama yake, ambaye hapendi kuzungusha maneno, alisema, "Andika kwa sababu wao ndio waliotangaza." Binti akamwangalia kama karani anavyomwangalia mtu aliyekosea dirisha. Mimi nikashauri aandike kwamba anapenda kusaidia watu. Akaniambia kwa upole kwamba hiyo ni ya wanaoomba kwingine. Mwishowe aliandika kwamba tangu utotoni amevutiwa na muungano wa makampuni. Utoto huo nilikuwepo. Alichovutiwa nacho ni chaki yangu ya kuchorea kitambaa, ambayo alikuwa akiila. Mtu anayeweza kuufuta utoto wake kwa sentensi moja na kuweka mwingine wenye faida, nyinyi mnamwita mlegevu?

2. Mlitaka awe na kile mnachokiita uelewa wa mambo ya biashara. Aliupata, na aliyeumia ni mimi. Tulikuwa watu wa kula kwa amani, kila mmoja akilalamikia chumvi kwa zamu yake. Ghafla mtoto anakuja mezani na kurasa za biashara, anamuuliza mama yake mabadiliko ya riba yamemwathiri vipi. Mama yake akajibu kwamba yatamwathiri yule ambaye hajaosha vyombo. Binti hakucheka, alisema hiyo ni hatari ya kiutendaji. Wiki ile ile akatangaza kwamba televisheni yetu ni mali isiyozalisha. Shangazi yake, ambaye ni dada yangu wa damu, akauliza kama ziko nyingine za aina hiyo ndani ya nyumba. Wote wakanigeukia.

3. Uzoefu. Hapa naomba kwanza niwapongeze kwa ubunifu. Mnatoa nafasi ya kujifunza kazi kwa yule tu ambaye kazi hiyo ameshaifanya. Ni kama mimi nimkatae kijana anayetaka kujifunza kupigilia misumari kwa sababu vidole vyake bado vizima. Binti alizunguka ofisi kwa ofisi akiomba hata ya kupanga mafaili, na kila moja ilimshauri aanzie kwenye nyingine. Akaishia karakanani kwangu. Kwenye maelezo yake aliandika kwamba ameratibu mahusiano na wateja wa kampuni ya samani inayomilikiwa na familia. Maana yake ni kwamba alimwambia mke wa mwalimu kuwa kochi lake halijawa tayari. Lakini alimwambia kwa namna ambayo yule mama aliondoka akituomba msamaha kwa kutusumbua. Mimi nimechelewesha makochi ya watu tangu ujana wangu na sijawahi kuombwa msamaha hata mara moja.

4. Sasa tunafika kwenye dhuluma yenyewe. Mlimwarifu kwamba siku ya usaili waombaji wataketi pande mbili za meza, wengine mawakili wa kampuni inayonunua, wengine wa inayouzwa, wajadiliane. Hakuwa na wa kufanya naye mazoezi. Wenzake ni wapinzani wake kwa nafasi hiyo hiyo. Akatazama huku na huku, akatuona sisi.

Upande wa kulia wa ukuta kuna karakana yangu ya makochi. Upande wa kushoto kuna duka la mapazia la dada yangu. Ukuta huo tumeugombania miaka mingi, yeye akidai nyundo yangu inaangusha mapazia yake, mimi nikidai mapazia hayana masikio. Binti akaamua dada ndiye mnunuzi, mimi muuzaji, yeye mwenyewe wakili wa shangazi yake. Mimi nikapewa mke wangu awe wakili wangu. Kauli ya kwanza ya wakili wangu, kabla hata viti havijapangwa, ilikuwa, "Mteja wangu ni mbishi ila atakubali."

"Muuzaji anaweza kuketi," akasema binti.

Nikamjibu kwamba hii ni karakana yangu na nitaketi nikijisikia.

"Kaka, keti," akasema dada yangu. "Wakili wangu ana shughuli nyingi."

Wakaanza kunipekua. Cherehani ni ya nani? Yangu. Pampu ya upepo? Ya jirani. Ana habari kwamba iko hapa? Nikamtazama wakili wangu, wakili wangu akatazama dari. Kisha binti akauliza mara ya mwisho mteja mpya kuingia humu ilikuwa lini. Nikajibu kwamba wateja wako njiani. Akaandika. Hakupepesa jicho, hakukumbuka nani alimbeba mgongoni akiwa na homa. Chai ilipopoa nilikuwa nimeshauzwa. Mkataba ulisomwa, nikaonyeshwa pa kutia saini, na wakili wangu akanipa kalamu.

5. Matokeo yake ni kwamba mazoezi yaligeuka kweli. Ukuta umetobolewa mlango. Ubao wa nje una jina jipya, la dada likitangulia kwa sababu, naambiwa, ndivyo inavyosomeka vizuri. Mkurugenzi ni dada. Nikitaka gundi naomba kwa maandishi. Juzi nilichelewa kurudi kutoka kula nikakuta karatasi kwenye kigoda inayoniuliza sababu.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo. Kwanza, uamuzi wenu ufikiriwe upya, kwa kuwa mtu aliyemmaliza baba yake mzazi kwa birika moja la chai hawezi kushindwa na wageni. Pili, endapo hilo haliwezekani, naomba nafasi hiyo nipewe mimi. Umri wangu umesogea, lakini nimeunguza biashara na kujifunza kutokana nayo, jambo ambalo fomu yenu inaliulizia kwa hamu kubwa. Nimeshashiriki katika muungano wa makampuni, tena nikiwa ndiyo kampuni. Na mafaili najua kuyabeba, kwani makochi ni mazito zaidi na ngazi zenu nimezisikia.

Nisalimie wote hapo ofisini: dada wa mapokezi aliyemwambia binti yangu kola yake imekunjika kabla hajaingia, mlinzi aliyempa maji alipofika juu akihema, wakubwa waliosaini barua bila kuisoma, na fundi wa lifti siku atakapokuja.

Wako katika kusubiri,

Fundi Makochi,
Mfanyakazi wa kawaida katika karakana niliyoianzisha.

Tanbihi:

Nilikuwa nimeshaikunja barua nikaifungua tena. Mke wangu ameisoma akasema, "Baba Wakili, hii umeandika nzuri, sasa waandikie na ya kweli."

Ya kweli ni hivi. Nilipojibu kwamba wateja wako njiani, wote walicheka isipokuwa binti. Alikuwa akilitazama kochi la kahawia lililokuwa katikati ya karakana. Alilitambua. Lilikuwa pale pale siku aliyoanza kujaza fomu yenu. Mwenye kochi alishahama mji na hakulifuata, na mimi nilikuwa nang'oa misumari yake asubuhi na kuipigilia tena mchana, ili barabarani wasikie nyundo wajue kuna kazi. Na nyumbani nao wajue. Alielewa yote kwa kulitazama mara moja. Akaweka kalamu chini.

"Baba," akasema, "tuache huu mchezo."

Mimi ndiye niliyekataa. Nilimwambia, "Endelea, Wakili. Muulize muuzaji anataka nini." Katika mchezo niliweza kusema nisichoweza kusema mezani. Akauliza, nami nikajibu kwamba muuzaji anataka mahali pa kufanyia kazi tu, hata kona. Dada yangu akaacha kucheka. Mkataba uliandikwa palepale, na kila kifungu binti alinipa zaidi ya nilichoomba. Niliomba kona akanipa nusu ya hisa. Dada alinung'unika kwamba ameuzwa na wakili wake mwenyewe, lakini alitia saini kabla yangu. Sasa wanaokuja kwa mapazia huuliza kama naweza kuyavika makochi yao kitambaa cha kufanana. Naweza. Kigoda nilikihamisha mimi, kupisha meza ya kukatia. Hiyo karatasi ya kuniuliza nilikokuwa ilikuwa ya mteja.

Kwa hiyo alipofika kwenu na kuketishwa kwenye meza ndefu, kama alivyonisimulia, kijana wa upande wa pili akasoma kwenye karatasi yake kwamba mauzo yamepungua kidogo ila wateja wako njiani. Binti yangu anajua mtu husema hivyo akiwa katika hali gani. Akamlegezea. Mlimwona sawasawa, Ndugu Afisa, na barua yote niliyoandika hapo juu ni juhudi za mzazi kumtengenezea mtoto sura ambayo hana. Nimeisoma tena, na huyo niliyemchora humo nisingependa aje kunitetea.

Lakini barua yenu ameiamini. Ana fomu nyingine ya kujaza, ya ofisi nyingine, na pale wanapouliza udhaifu wako ni upi ameandika neno moja tu: huruma. Nimeliona. Jana alimkatalia mama yake jambo dogo kwa sauti kavu, akijizoeza, kisha akarudi jikoni kuomba radhi, na akasikitika zaidi kwamba amerudi.

Yale maombi mawili yafuteni. Ninalo moja. Mwandikieni tena, mistari michache tu, mumwambie kwamba nafasi zilikuwa zimejaa. Najua si kweli. Ila mliweza kuandika kwamba mmevutiwa naye mno, basi na hili halitawashinda. Mkiweza, iwahi kabla hajaituma hiyo fomu.